Ndoo ya Mwananungu

Mama Shakila alikuwa akiuza maandazi asubuhi na kusimulia kanda ya video Jumamosi mchana. Kazi hiyo ya pili ni mimi niliyemwondolea. Nilikuwa na miaka kumi. Tangu hapo nimeandika mengi, pamoja na tasnifu ya chuo ambayo nadhani haijasomwa na mtu ila msimamizi wangu, lakini hili sijawahi kuliandika.

Jina lake la kuzaliwa ni Mwanaisha. Alizaliwa katika kijiji kimoja pembezoni mwa uwanda, nje ya Newala, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na njia inaanza kuteremka bondeni. Maji ya watu wa kijiji hicho yalikuwa huko chini. Msichana akitimiza miaka saba hivi alipewa chombo chake, kidogo kwanza, kisha kikubwa, na kuingia kwenye msafara wa wanawake wa alfajiri. Njia ilikuwa nyembamba, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili hakuna kitu. Ilikuwa na sheria moja ambayo hata mlevi aliifuata: anayeshuka na chombo kitupu anampisha anayepanda na maji. Unajibana ukutani na kuvuta miguu, hata kama wewe ni mtu mzima na anayepanda ni mtoto. Anayepanda hatoi shikamoo, maana pumzi yake haitoshi kwa salamu. Anasema tu, "Pisheni, maji," na watu wanapisha.

Haya yote nimeyajua kwa kusimuliwa. Mimi sijawahi kushuka bondeni. Nilizaliwa Newala mjini, mtoto wa Mwalimu Marko aliyefundisha Kiingereza sekondari. Mabomba ya mtaa wetu yalikohoa hewa wiki nzima kama ya watu wengine, lakini baba alikuwa na mshahara, na maji yetu yaliletwa na vijana wa baiskeli, madumu manne kila baada ya siku mbili.

Mama Shakila aliolewa na Jafari, mkulima wa korosho. Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia uwandani na magari yao, Jafari aliuza vizuri, akaenda Masasi, akarudi na vitu vitatu vilivyofungwa ndani ya godoro ili visivunjike: televisheni, deki na jenereta ndogo. Akasafisha chumba alichokuwa akihifadhia magunia, akapanga mabenchi nyuma na mikeka mbele, akaandika mlangoni kwa chaki neno VIDEO. Watu wazima walikuja kuangalia filamu za ngumi. Watoto tulichungulia kwenye matundu ya ukuta mpaka tukafukuzwa.

Mama Shakila ndiye aliyetuingiza ndani. Kati ya kanda ambazo mumewe aliuziwa kwa mkupuo kulikuwa na moja ya katuni. Jafari aliijaribu mara moja akaitupa pembeni.

"Mbovu hii," alisema. "Haina hata kofi moja."

"Nipe mimi na watoto," akasema Mama Shakila.

"Watoto wana hela?"

"Hawana. Ila chupa ya maji hawakosi."

Hivyo ndivyo kiingilio kilivyopangwa. Kila Jumamosi saa nane mchana, kabla ya filamu ya wakubwa, mtoto aliyeleta chupa ya maji aliingia. Mama Shakila alisimama mlangoni na pipa, akapokea chupa, akainusa, akaimimina. Mama zetu walilalamika kwamba mitungi inapungua nyumbani, lakini hawakutukataza, nadhani kwa sababu ilikuwa saa moja ya utulivu.

Kanda ile ilikuwa ya zamani hata wakati ule. Rangi zake zilikuwa zimefifia, na mistari myeupe ilipita kwenye picha kama mvua. Alikuwamo mnyama mdogo mwenye miiba, kalunguyeye, mwenye ndoo kubwa kuliko yeye, anayepanda mlima mrefu uliochorwa kwa kalamu. Mwanamume mmoja asiyeonekana alikuwa akieleza mambo kwa lugha ambayo haikuwa Kiswahili, wala Kiingereza, wala Kihindi. Siku ya kwanza tulipiga kelele kwamba hatuelewi. Mama Shakila akaacha pipa lake, akaja mbele, akaketi kwenye mkeka kando ya televisheni, miguu ameinyoosha.

"Huyu jamaa anaongea kama ana andazi mdomoni," alisema. "Mwacheni. Mimi nitawaambia."

Akatuambia. Mnyama akawa na jina, Mwananungu. Alikuwa na mama mgonjwa juu ya mlima, na mama alikuwa na kiu, na maji yalikuwa bondeni. Mama Shakila alisimulia kwa Kiswahili, akichanganya Kimakonde palipokuwa na uchungu au mzaha. Mwananungu alipokutana na sungura wakiteremka, Mama Shakila alitwambia, "Haya, pisheni, maji!" na sisi tuliokaa mikekani tukavuta miguu yote kwa pamoja, ili apite. Hatukuambiwa tufanye hivyo. Wenzangu walifanya kwa mazoea ya njiani, nami niliwaiga.

Katikati ya filamu Mwananungu anajikwaa na ndoo inamwagika. Chumba kizima kilikuwa kikilia kwa sauti moja pale, kila wiki, ingawa tulijua kwamba inakuja. Anashuka tena, anapanda tena. Mwisho kabisa kunaonekana nyumba yenye dirisha lenye mwanga, mlango unafunguka kidogo, mkono unatoka, unapokea ndoo. Picha inaganda hapo. "Mama yake amekunywa," Mama Shakila alikuwa akisema, polepole, na kuzima deki. Hakuna aliyenyanyuka mpaka mwenye jenereta, kama tulivyomwita Jafari, apige makofi kututoa.

Iliendelea hivyo miezi mitano, na wanawake waliokuwa wakimwita tu muuza maandazi walianza kumsimamisha sokoni wamuulize wiki hii Mwananungu ameendeleaje. Alicheka kwa kuziba mdomo. Nadhani ni wakati pekee nilioona mtu anamngoja aseme kitu.

Shakila, bintiye, alikuwa rafiki yangu wa benchi moja. Siku moja aliniazima jalada la kanda kwa sababu lilikuwa na picha nzuri ya Mwananungu. Nyuma kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Nilikaa nalo siku mbili na kamusi ya baba, nikatafuta neno moja moja, na nikapata kwamba mnyama yule ameiba ndoo ya rangi na anakwenda kuupaka mlima rangi. Nililisoma mara nyingi. Nililificha ndani ya daftari. Sikuwa na nia ya kulisema. Nilikuwa mtoto ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni darasani kulinitoa jasho.

Jumamosi ile chumba kilikuwa kimejaa. Nyuma, kwenye mabenchi, wanaume walikuwa wameshaanza kuingia kusubiri filamu yao, mmoja wao akiwa Mohamedi fundi baiskeli, mtu wa maneno. Ndoo ikamwagika, tukalia. Mama Shakila akasimamisha picha, akauliza, "Nani hapa amewahi kumwaga maji akiwa karibu kufika?"

Mikono ikaenda juu. Ya wote. Hata ya wanaume wa nyuma. Mimi tu sikunyoosha.

"Severina, wewe je?"

"Huyo kwao maji yanakuja kwa baiskeli!" akasema mtoto mmoja.

"Eti maji yanamfuata nyumbani kama mchumba," akasema Mama Shakila, na watu wakacheka. Alicheka kwa upole, mkono mdomoni. Hakukuwa na ubaya wowote katika mzaha ule. Nimeupima kwa miaka mingi, nikitafuta ubaya wa kunisaidia, sijaupata.

Nilisimama. Nilitoa jalada kwenye daftari.

"Siyo maji," nikasema. "Ni rangi. Imeandikwa hapa."

Nikasoma. Nilisoma Kiingereza kile chote kwa sauti, kwa lafudhi ya baba, kisha nikakitafsiri. Nikasema mnyama ni mwizi. Nikasema hakuna mama mgonjwa, mama hakuandikwa popote.

Mama Shakila alinyoosha mkono, nikampa jalada. Aliliangalia mbele, akaligeuza, akaliangalia nyuma. Nilijua kwamba hajui kusoma. Kila mtu alijua. Alilitazama kwa muda ambao mtu anayesoma angelitazama, kisha akanirudishia.

"Basi," alisema. "Aliyesoma amesema."

"Loo, Mama Shakila!" Mohamedi akapasuka kicheko kule nyuma. "Miezi mitano unatupandisha mlima na kopo la rangi!"

"Mwanangu amepungukiwa maji ya kunywa kwa ajili ya mwizi!" akasema mwingine.

"Mama Rangi!" akaita Mohamedi. "Mama Rangi, nyumba yangu nayo inataka kupakwa!"

Watoto walicheka kwa sababu wakubwa walicheka. Mama Shakila alinyanyuka, akakunja mkeka wake, akatoka. Mtu akairuhusu picha iendelee, filamu ikamalizika bila msimulizi, mkono ukatoka mlangoni, ukapokea ndoo, na hakuna aliyesema kwamba mama amekunywa.

Jina lilishika. Sokoni aliulizwa maandazi ya leo yana rangi gani. Jumamosi iliyofuata watoto tulikuja na chupa zetu, Jafari akatwambia turudi nyumbani, mama hasimulii tena. Baada ya hapo ikawa ngumi tupu mchana na usiku.

Baba aliposikia alifurahi. Aliwaambia walimu wenzake kwamba binti yake wa darasa la nne ametafsiri aya nzima, akaninunulia kalamu ya wino. Mama alingoja mpaka tulipokuwa wawili tu jikoni.

"Utakwenda kumwomba radhi Mama Shakila."

"Lakini ni kweli, mama. Imeandikwa."

"Sikukuuliza kama ni kweli."

Nikasema nitakwenda kesho. Nilisema hivyo siku kadhaa, kisha mama akaacha kuuliza. Shakila naye hakunipiga wala kunitukana. Alihama benchi tu. Mwaka uliofuata Mama Shakila alimwacha Jafari na video yake, akachukua binti yake wakaenda Chiungutwa, huko Masasi, kwenye ardhi ya mjomba wake, upande wa mama, kama desturi ilivyo. Watu walitaja sababu nyingine za ndoa ile kuvunjika, na pengine zilikuwepo. Mimi nilijua ya kwangu.

Mwaka wa tatu wa chuo, Dar es Salaam, ndipo nilipoikuta tena. Nilikuwa kwenye chumba cha kompyuta, natafuta kitu kingine kabisa, nikaona picha ndogo ya kalunguyeye na ndoo. Filamu ile ilichorwa katika miaka ya sitini, katika nchi ambayo haipo tena kwenye ramani, na ilikuwa moja kati ya sita za mnyama huyohuyo. Waliokuwa wameitazama hawakufika mia mbili. Mtu mmoja alikuwa ameweka maelezo ya kila filamu. Katika moja, kalunguyeye anaiba rangi na kupaka mlima. Katika nyingine anapandisha maji mlimani wakati wa ukame, ndoo inamwagika, anarudi.

Nilisoma mara mbili, kama nilivyofanya na lile jalada. Kisha nikafungua filamu yenyewe. Mistari ya mvua haikuwepo, rangi zilikuwa safi, na ndoo ilipomwagika niliona kitu ambacho mtoto yeyote mwenye macho angekiona: kilichomwagika hakikuwa na rangi yoyote. Kiliingia ardhini na kupotea. Jalada lilikuwa la kanda nyingine. Wauzaji wa kanda walikuwa wakichanganya majalada kila siku. Hata zile za ngumi, nje alikuwa mtu mmoja na ndani mwingine. Kila mtu aliyekuwa akiingia kwa Jafari alilijua hilo. Nami nililijua. Nilikuwa na picha mbele yangu, nikaamini karatasi.

Niliona aibu pale kitini kiasi kwamba niliinamisha uso ili jirani yangu asiuone. Kisha nikafanya nilichoshindwa kufanya nikiwa na miaka kumi, ingawa hata hilo lilinichukua miezi minane. Nilipata namba ya Shakila kwa watu wa Masasi, nikaipakua filamu kwenye kompyuta mpakato, nikasafiri.

Shakila alinipokea barabarani Chiungutwa na baiskeli, akafunga begi langu nyuma, tukatembea. Alikuwa na watoto wanne na hakuwa na kinyongo cha kuonekana. Nilimwambia nilichogundua.

"Bibi yangu, mama yake mama, alikufa mama akiwa bondeni," alisema. "Mama alikuwa na miaka kumi na miwili. Bibi alikuwa na homa, akaomba maji, ndani hamna. Mama akashuka. Kurudi, ameshakufa. Yale maji ndiyo waliyomwoshea."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hata mimi aliniambia juzijuzi." Akaniangalia. "Kwa hiyo ukimwambia kwamba ilikuwa maji, mwambie taratibu."

Mama Shakila alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, anapeta choroko, miguu ameinyoosha vilevile. Nywele zilikuwa nyeupe mbele ya ushungi.

"Shikamoo, Mama Shakila."

"Marahaba. Nani mwenzetu?"

"Severina. Wa Mwalimu Marko, Newala."

Ungo ulisimama kidogo, ukaendelea. "Mwenye karatasi," alisema. "Karibu, keti."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Dar es Salaam. Yote yalinitoka, likabaki moja. "Ilikuwa maji, mama. Jalada lilikuwa la kanda nyingine. Nimeiona tena. Ilikuwa maji."

"Najua."

"Amekwambia Shakila?"

"Shakila aniambie nini? Mimi ule mteremko nimeupanda miaka kumi na mmoja. Mwenye rangi anaogopa kuchafuka. Yule alikuwa anaogopa yasimwagike. Shingo yake hukuiona?"

"Kumbe ulijua siku ileile."

"Nilijua."

"Mbona hukunijibu?"

Aliweka ungo chini. "Ulikuwa umeshika karatasi, Severina. Ningesemaje? Niiombe niisome?"

Nilikuwa nimesafiri siku nzima kumletea ushahidi, na mwenyewe alikuwa nao tangu mwanzo. Nilichomnyang'anya hakikuwa ukweli wa kanda. Nilimnyang'anya ruhusa ya kuusema, nami sikuwa na namna ya kuirudisha kwa kuitoa kwenye begi.

"Nisamehe, mama."

"Sijawahi kukusamehe," alisema, bila ukali, kama mtu anayeeleza hali ya shamba. "Nilichoka kukukumbuka tu. Sasa umekuja, ngoja nikuangalie." Aliniangalia. Nilitazama choroko. "Umekonda. Hiyo kanda unayo?"

Nilitoa kompyuta. Wajukuu wanne walikuwa wameshasogea, wakaketi mkekani mbele yake, miguu mbele. Niliifungua na kumsogezea.

"Simulia, mama. Tafadhali."

"Nani, mimi? Mimi niliambiwa sijui." Akaisukuma kompyuta upande wangu kwa vidole viwili. "Simulia wewe uliyesoma."

Shakila, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinitazama na hakunisaidia. Yule mwanamume akaanza kueleza kwa lugha yake. Sasa nilikuwa najua ni lugha gani, na haikunifaa kitu. Nilifungua mdomo. Nikasema kuna mnyama anaitwa Mwananungu. Nikasema mama yake ni mgonjwa, yuko juu ya mlima, ana kiu. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno, na mtoto wa mwisho akaanza kuchezea kidole cha mguu.

"Sauti," akasema Mama Shakila. "Wa nyuma hawasikii."

Nyuma hapakuwa na mtu. Ulikuwepo ukuta tu, na jembe limeegemezwa.

"Anabeba maji," nikasema kwa nguvu.

"Nini?"

"Maji! Anabeba maji!"

Watoto wakanigeukia. Kwenye kioo sungura walikuwa wakiteremka, na Mwananungu akipanda, ndoo kichwani, shingo imesimama. Watoto wa Chiungutwa wanateka kwenye pampu nyuma ya nyumba. Hakuna aliyejua la kufanya.

"Pisheni," nikasema. "Pisheni, maji."

Hawakusogea. Mama Shakila alikuwa anaangalia kioo, si mimi. Taratibu, kwa kujishika magoti, akavuta miguu yake yote miwili.